Kompyuta Mpya Imefika, ya Zamani Imebaki na Nini?

Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni



Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, kompyuta nyingi zimo safarini. Mashine zilizokosa sifa za kupokea Windows 11 zinatoka ofisini kwenda nyumbani kwa mkubwa wa ofisi, kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mpwa wake aliye chuoni, na kutoka kwa mpwa kwenda dukani kwa fundi, ambako hununuliwa na mtu wa Ifakara, wa Mang'ula au wa Namawala kwa bei anayoimudu. Kila mashine inapohama mkono, yupo mtu anayetakiwa kuhamisha mambo yake kutoka kompyuta mpakato moja kwenda nyingine. Kazi hiyo tunaidharau. Tunamkabidhi kijana wa steshenari flashi na kumwambia, "Nihamishie vitu vyangu vyote," kana kwamba tunamwagiza kilo ya sukari.

Nimeitaja Namawala kwa makusudi. Wasikilizaji wa mijini huenda hawaijui. Ni kijiji cha bonde la Kilombero, upande wa magharibi wa Ifakara, nchi ya mpunga na maji, na kwa hiyo nchi ya mbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Ifakara, kwenye kile kituo kilichoanzishwa na Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi mwaka 1957 na ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, waliweka mitego ya taa katika nyumba za Namawala na kuhesabu mbu walionaswa. Walipiga hesabu wakakuta kwamba mkazi wa pale alikuwa akiumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara mia tatu kwa mwaka. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa katika jarida la Acta Tropica mwaka 1993, na mwaka 1995 jarida hilo hilo likachapisha ramani ya wingi wa mbu ndani ya kijiji hicho kimoja.

Sasa sikilizeni jambo lililonivutia mimi. Mwaka 2006, wataalamu wa Basel, Uswisi, pamoja na wenzao, walipochapisha mfululizo wa makala kuhusu namna ya kuiga mwenendo wa malaria kwa kompyuta, ili kupima chanjo kabla ya kuitumia, tarakimu za Namawala zilikuwamo. Kati ya mitego ile na makala hizo ilipita miaka kama kumi na mitano. Katika miaka hiyo kompyuta zilibadilika kuliko basi za Ifakara. Diski laini za inchi tatu na nusu, ambazo zilibeba megabaiti 1.44 tu, zilienea kila ofisi kisha zikatoweka. Leo picha moja ya simu yenye megabaiti tatu isingeenea katika diski mbili za namna hiyo. Hata hivyo hesabu ya mbu wa Namawala ilivuka, kwa sababu ilikuwa na utaratibu: mbu wangapi, nyumba ipi, usiku wa lini.

Linganisha na mali yako wewe, ndugu msikilizaji. Chukulia mwalimu wa shule ya msingi huko huko Namawala mwenye kompyuta moja aliyoinunua kwa mkopo wa kikundi. Ndani yake mna alama za wanafunzi za miaka sita. Mna barua ya kuomba uhamisho, nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mihutasari ya kikao cha ukoo juu ya shamba la Idete, na picha za mazishi ya mama yake ambazo hazipo mahali pengine popote duniani. Mafaili yanaitwa "hati moja", "hati ya pili", "folda mpya", "folda mpya ya tatu". Mbu wa miaka thelathini iliyopita wana anwani, picha ya mama haina.

Ama kwa hakika hapo ndipo kuhamisha kunapoanzia, kabla hata ya kuchomeka flashi. Watu wa Ifakara wanakumbuka pantoni ya Kivukoni kabla daraja la mto Kilombero halijafunguliwa mwaka 2018. Aliyekuwa akihamia Lupiro au Mahenge alishusha mizigo yake ukingoni, akahesabu: magunia manne, kitanda, kuku ndani ya tenga, baiskeli. Akifika ng'ambo alihesabu tena. Hakuna aliyevuka kwa kusema "vitu vyangu vyote" na kumwachia mpiga debe.

Basi tuhesabu. Wengi wetu tunadhani vitu vyetu vimo katika ile folda ya nyaraka, tukainakili hiyo na kuondoka. Lakini mezani pa kompyuta, yaani pale kwenye kioo unapoiwasha, ndipo tunaporundika mambo ya haraka, na ya haraka ndiyo mara nyingi ya maana. Folda ya vilivyopakuliwa ina viambatanisho vya barua pepe ambavyo hatukuvihifadhi pengine. Picha zina folda yake na video zina yake. Tena baadhi ya programu za hesabu za duka huweka daftari lake ndani ya folda ya programu yenyewe, mahali ambapo mwenye duka hajawahi kufika. Mtu huhamisha nyaraka zake zote, akaiuza mashine, kisha mwezi unaofuata anafungua programu katika kompyuta mpya na kukuta duka lake halijawahi kuuza hata kiberiti. Kabla ya kuhama, ifungue kila programu unayoitumia kupata riziki, uitafute sehemu ya kutoa nakala ya akiba, uitoe.

Maneno ya siri nayo ni mzigo. Kivinjari cha intaneti kimekukumbukia nywila za miaka mitano na wewe umezisahau zote. Ukiwa umeingia katika akaunti yako na kuruhusu kivinjari kioanishe, zitakufuata katika mashine mpya. Unaweza pia kuzitoa kama faili, lakini faili hilo huwa ni maandishi ya wazi ambayo yeyote anaweza kuyasoma. Likiisha kutumika lifutwe siku hiyo hiyo, na lisipitie katika flashi ya kuazima.

Njia za kuvukia ni nyingi na sina haja ya kuzipamba. Kwa watu wengi wa kwetu njia ni flashi, na flashi ndiyo yenye mitego mingi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Mtego wa kwanza ni flashi ya uongo. Sokoni zimo flashi zilizoandikwa gigabaiti 512 wakati tumboni zina 16. Zimetengenezwa ili ziidanganye kompyuta yenyewe. Unanakili, mstari wa kijani unatembea mpaka mwisho, majina ya mafaili yote yanaonekana, nawe unashukuru. Ukienda kufungua picha, hakuna kitu. Majina yameandikwa, yaliyomo yamemwagika. Zipo programu za bure, kama H2testw na F3, zinazoijaza flashi kisha kuisoma tena ili kuthibitisha ukubwa wake. Fundi mwaminifu anazijua. Na bei yenyewe inasema: flashi kubwa inayouzwa kwa bei ya sahani ya chipsi ina sababu.

Mtego wa pili ni virusi ambavyo mtu yeyote aliyewahi kuchapisha barua steshenari amekutana navyo. Unaichomeka flashi, unakuta folda zako zote zimegeuka vialama vya njia ya mkato, na ukibofya hakifunguki kitu, au kinafunguka huku virusi vikiingia kimyakimya katika mashine. Hapo mwenye flashi hupata mshtuko, na kijana wa pembeni humshauri aiumbe upya, yaani aifomati. La hasha! Usikubali. Mara nyingi virusi vya namna hiyo havijafuta kitu, vimeficha tu folda halisi na kuweka vialama mbele yake. Flashi ipelekwe kwenye kompyuta yenye kinga iliyo hai, virusi viondolewe, kisha folda zifichuliwe. Kuna watu wamefuta picha za harusi kwa mikono yao wenyewe, wakavilaumu virusi.

Wa tatu ni wa kiufundi lakini umewasumbua wengi. Flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia gigabaiti nne. Video ndefu ya sherehe itakataliwa hata kama nafasi imejaa tele, na kompyuta itasema faili ni kubwa mno. Dawa yake ni kuipanga flashi kwa mtindo wa exFAT ikiwa bado tupu.

Mwenye mali nyingi, namshauri aache flashi anunue diski ya nje. Fanya hesabu: gigabaiti mia moja kwa flashi ya kawaida inayoandika megabaiti kumi kwa sekunde ni sekunde elfu kumi, karibu saa tatu kasoro dakika chache. Saa tatu umeme usikatike, betri ya mashine ya zamani isizimike, na mtoto asiuvute waya. Ndiyo maana nasema nakili, usikate. Kompyuta inakupa njia mbili: kukata, ambapo kitu huondoka kinapotoka, na kunakili, ambapo kinabaki pale pale na pacha wake huenda ng'ambo. Anayekata anavusha mzigo na kuichoma nyumba aliyotoka kabla hajajua kama pantoni imefika.

Wingu nalo lipo, yaani kuhifadhi vitu katika kompyuta za mbali kwa njia ya intaneti. Google inatoa gigabaiti 15 bila malipo, na kwa vyeti, mihutasari na barua zinatosha kabisa. Lakini kupandisha gigabaiti mia moja kwa bando la simu ni kuchoma fedha. Weka huko vile vichache ambavyo ukivipoteza utalia.

Je, na kama mashine ya zamani imekufa? Kioo kimepasuka, au haiwaki kabisa? Wengi hukata tamaa hapo na kuiuza kama skrepa, wakiuza na kumbukumbu zao. Mashine kufa si lazima diski imekufa. Katika kompyuta nyingi za miaka iliyopita diski ni kisanduku cha inchi mbili na nusu kinachofunguliwa kwa bisibisi. Katika za karibuni ni kipande chembamba kama kijiti cha bazoka. Fundi anakitoa, anakitia katika kasha lenye waya wa USB, na kompyuta mpya inakisoma kama flashi. Mashine chache nyembamba sana zina kumbukumbu iliyounganishwa moja kwa moja kwenye bodi, na hizo ni taabu nyingine.

Lakini hapo pana kufuli, na kufuli hilo linazidi kuwashangaza watu. Kompyuta nyingi mpya za Windows huifunga diski kwa msimbo wa siri bila mwenyewe kujua. Ukiitoa diski hiyo na kuitia katika kasha, utaulizwa ufunguo wenye tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft uliyoifungua siku ya kwanza ulipoiwasha mashine. Na akaunti hiyo umeiandikisha kwa laini ya simu ipi? Kama ni ile laini uliyoitupa miaka mitatu iliyopita, uko nje ya nyumba yako mwenyewe, na fundi hana la kukusaidia. Kwa hiyo leo, mashine ikiwa bado inapumua, ingia katika akaunti hiyo, badilisha namba iwe ile unayoitumia, nakili ufunguo kwenye karatasi, ukauweke karatasi hiyo mahali unapoweka hati ya kiwanja.

Mzigo ukifika ng'ambo, hesabu. Bofya folda ya zamani kwa kitufe cha kulia, tazama sifa zake: mafaili 8,412, gigabaiti 61. Tazama folda mpya. Kama inasema 8,390, yapo ishirini na mawili yaliyozama, na yatafutwe kabla mashine ya zamani haijaondoka ndani ya nyumba. Idadi zikilingana bado usiridhike. Fungua picha kumi za miaka tofauti, video mbili, barua ya zamani kuliko zote. Kisha iweke mashine ya zamani kabatini mwezi mzima bila kuigusa, maana kitu kilichosahauliwa hukumbukwa siku kinapohitajika.

Sasa nakuja katika nusu ya pili ya kazi, ambayo sisi hatuifanyi kabisa.

Tumesema kunakili huacha kitu pale pale. Maana yake, siku unapofurahia mashine mpya, maisha yako yote bado yamo katika ile ya zamani, nayo inaelekea dukani. Utaniambia umefuta, na hata debe la taka umelimwaga. Ndugu msikilizaji, kompyuta inapofuta faili kwa kawaida haigusi yaliyomo, inaondoa jina katika orodha yake. Ni mithili ya mtendaji wa kijiji anayelikata jina la mtu katika daftari huku mtu mwenyewe bado anaishi nyumbani kwake na moshi unatoka jikoni. Mpaka aje mwingine wa kujenga juu ya kiwanja kile, mwenye programu ya kufufua mafaili anaweza kubisha hodi na kumkuta.

Kama zingekuwa siri zako peke yako ningesema ni shauri lako. Lakini yule mwalimu wetu ana majina na alama za watoto wa watu. Muuguzi wa zahanati huenda ana orodha ya wagonjwa aliyoichukua nyumbani ili amalize taarifa ya mwezi. Katibu wa kikundi cha kukopeshana ana namba za simu, namba za vitambulisho na madeni ya akina mama arobaini. Hao hawakuulizwa kama kompyuta iuzwe. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Inamtaka anayekusanya na kushughulikia taarifa za watu azilinde. Nathubutu kusema kwamba wengi wanaoguswa na sheria hiyo hawajui kuwa inawagusa, kwa sababu wanapoisikia wanafikiria mabenki na kampuni za simu, hawafikirii kompyuta iliyo juu ya meza yao ya kulia chakula.

Na watoto wa Namawala, ambao damu zao zilipimwa ili dunia ijifunze malaria, dunia iliwajua kwa umri na vimelea vyao, si kwa majina. Iweje mtoto wa leo, wa kijiji hicho hicho, alama zake za hisabati na jina la baba yake ziuzwe dukani pamoja na chaja?

Kuifuta mashine ipasavyo si kazi ya mhandisi. Katika Windows za sasa, nenda kwenye mipangilio, kwenye sehemu ya urejeshaji, uchague kuirudisha mashine ilivyotoka kiwandani kwa kuondoa kila kitu. Hapo, ukifungua sehemu ya kubadilisha mipangilio, utaulizwa kama unataka pia kusafisha diski. Sema ndiyo. Itachukua saa kadhaa, na watu wengi huruka hatua hiyo kwa sababu mnunuzi amekwishafika mlangoni na fedha mkononi. Mwambie arudi kesho. Kabla ya hapo, toka katika akaunti zako zote. Kama mashine imekufa na haiwezi kujisafisha, uza mashine, diski ubaki nayo.

Mwisho kabisa, pitisha kidole ubavuni mwa kompyuta, kwenye kitundu cha kadi ya kumbukumbu. Kadi husahauliwa humo.

Hadi juma lijalo.